Nyungo Thelathini na Moja

Zamu ya Kampuni ya Kipanga ilipofika, wanafunzi walikuwa wameshachoka. Tangu saa tatu asubuhi walikuwa ukumbini, wale wa uhandisi wa ndege upande wa madirisha na wale wa uhandisi wa magari upande wa mlango, wakisikiliza watu wanaowaeleza mahali pa kwenda na shahada zao. Wa kwanza alitoka kiwanda cha matrekta. Alisema wanahitaji wahandisi wawili kwa nchi nzima, kwa kuwa siku hizi trekta huchorwa na mashine na kuundwa na mashine, mtu hubaki wa kujibu simu. Wa pili alitoka jeshini. Wa tatu alikuwa mwalimu wa sekondari, naye alihitimu magari humo humo chuoni miaka sita iliyopita. Aliwaambia kwamba kufundisha fizikia si kazi mbaya, akarudia mara mbili kwamba si mbaya.

Kisha akasimama Subilaga Mwaipaja.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, na ukumbi huo aliujua. Alikuwa amekaa upande wa madirisha miaka minne. Mkononi alishika karatasi yenye aya tatu, iliyoandikwa na Bwana Chaula, mkuu wa kituo chake, na aliisoma kama ilivyo. Kampuni ya Kipanga inaendesha nyungo mia mbili katika nyanda za juu. Kampuni inahitaji wadhamini wapya kumi na wawili. Kazi ni ya kudumu, na mhandisi wa magari anapokelewa sawa na mhandisi wa ndege.

Hapo kwenye neno "kudumu" watu walipiga makofi.

Hakukuwa na haja ya kuwaeleza ungo ni nini. Kwenye karatasi za serikali uliitwa chombo cha anga cha umeme kisicho na rubani: kibanda cha abiria wanane, mikono sita, na mwisho wa kila mkono pangaboi la kukinyanyua. Watu waliuita ungo tangu siku ya kwanza, kwa mzaha wa safari za wachawi, na mzaha ukazoeleka hata ukawa jina. Barabara za milimani zilipokatwa na mvua za miaka mitatu mfululizo na hakuna aliyezijenga tena, nyungo ndizo zilizobeba viazi, barua, walimu na wagonjwa.

"Kuna swali?" aliuliza mratibu, akitazama saa.

Msichana mmoja alisimama upande wa mlango. Alikuwa mrefu, amevaa ovaroli lenye madoa ya rangi ya magari, kana kwamba alitoka kazini akaingia ukumbini moja kwa moja.

"Shikamoo, Injinia. Naitwa Edina Tweve, uhandisi wa magari, mwaka wa nne. Nilitaka kujua kama umewahi kukataa."

"Marahaba. Kukataa nini?"

"Ungo. Mashine iseme ni salama, wewe ukatae kuudhamini."

Subilaga aliitazama karatasi yake. Jibu halikuwamo.

"Mara mbili," alisema.

"Ikawaje?"

"Mara ya kwanza nilikuwa sahihi," alisema Subilaga, akarudi kuketi.

* * *

Edina alimkuta tena kantini. Subilaga alikuwa amejiinamia kwenye kikombe cha chai ambacho hakuwa amekigusa, na msichana alikuja na chake, akaomba kukaa.

"Hukumaliza kunijibu, Injinia."

"Kwenu ni wapi?"

"Matamba. Mama yangu alipata kiharusi nikiwa kidato cha tatu. Ungo ulimfikisha hospitali kwa dakika kumi na nane. Anatembea, anapika, ananisema kila siku." Edina alitabasamu kidogo. "Sijui nani aliyeudhamini ungo ule. Huwa nafikiria kwamba ni mtu aliyeweka kiganja chake tu, akaendelea na kazi."

Subilaga alijua vizuri jinsi kiganja kinavyowekwa. Alikuwa amekiweka kwa miaka tisa. Hapo mwanzo mashine ilikagua na mashine ikaruhusu, waliiita Mkaguzi. Kisha ungo mmoja ukaanguka na watu wanane, na mahakama ikakosa mtu wa kumsimamisha kizimbani. Ndipo ikatungwa sheria kwamba ungo hauruki safari yoyote mpaka mhandisi aliye hai aweke kiganja kwenye kioo na kuudhamini. Mkaguzi aliendelea kukagua. Mhandisi aliongezwa ili awepo wa kufungwa. Tena dhamana haikuisha zamu ilipoisha. Ungo ulioudhamini hata mara moja ulibaki wako kwa maisha yake yote ya kuruka, hata ukiacha kazi, hata ukihamia nchi nyingine, mpaka atokee mhandisi mwingine akubali kuupokea.

Zake zilikuwa thelathini na moja.

Bwana Chaula alikuwa amemwambia kabla hajaondoka kituoni, kwa sauti ya chini na bila kumtazama: "Ukipata mmoja wa kuzipokea zako, Subi, sitakuzuia. Utakwenda unakotaka." Kwa kweli hakuwa na anakotaka kwenda. Alitaka kulala usingizi usio na namba ndani yake. Na sasa mtu mwenyewe alikuwa mbele yake, ana nguvu, ana akili, ana sababu yake nzuri. Ilibaki kunyamaza tu.

Alikunywa chai. Ilikuwa imepoa.

"Mara ya pili nilikosea," alisema. "Nilisikia harufu ya kitu kuungua kwenye betri. Mkaguzi akasema hakuna kitu. Nikakataa, tukaufungua ungo mzima kwa saa nne. Hatukukuta kitu. Kule juu kulikuwa na mama anajifungua, anausubiri ungo huo huo. Hakufika hospitali."

Edina alishusha kikombe chake mezani.

"Tangu siku ile sijakataa tena. Miaka mitatu. Kioo kikiwaka kijani naweka kiganja. Siku nyingine hata siuangalii ungo wenyewe, naangalia kioo. Mwaka wetu, ndege na magari, tulimaliza thelathini na wanne. Wengine wako nje, wengine wanauza vipuri, wawili ni wachungaji. Ambakisye Mwasenga, wa magari kama wewe, yuko gerezani. Ungo wake ulianguka saa chache baada ya kuudhamini, yeye akiwa nyumbani anakula na wanawe."

"Alikosea nini?"

"Aliiamini mashine, kama mimi. Tofauti yetu ni ungo upi ulioanguka." Akakisukuma kikombe pembeni. "Nimetumwa kutafuta watu kumi na wawili, lakini mimi mwenyewe natafuta mmoja, wa kupokea zangu. Sasa umejua."

Msichana alizungusha kikombe chake mezani mara kadhaa.

"Nitazipokea," alisema.

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia, Dada. Wa mwaka jana aliyekuja hakutuambia haya, na rafiki zangu watatu walikwenda naye." Aliinua macho. "Kazi nyingine ni ya kujibu simu ya trekta. Na nyungo zitaruka tu, nikizipokea au nisizipokee. Kuna wagonjwa kule."

Subilaga aliitikia kwa kichwa. Kifuani alihisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi miaka mingi, na papo hapo akauonea haya.

* * *

Kituo cha Isalala kilikuwa juu uwandani, mahali ambapo mwezi wa sita majani huamkia meupe kwa jalidi. Edina alifika wiki tatu baadaye, matokeo yakiwa yameshatoka, leseni yake mpya mfukoni. Ilikuwa saa mbili asubuhi na ukungu ulikuwa bado haujainuka. Nyungo zilisimama kwenye mistari, mikono yao ikidondosha maji.

Bwana Chaula aliwapokea akiwa na simu sikioni na nyingine mfukoni inalia. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho mekundu ya asiyelala vya kutosha. Aliweka kioo cha makabidhiano juu ya pipa.

"Fomu ni moja, nyungo zote thelathini na moja," alisema. "Injinia Mwaipaja anaweka kiganja, na wewe unaweka chako juu ya jina lake. Nusu dakika tumemaliza, tunywe chai."

"Naomba kuziona kwanza," alisema Edina.

"Zimekaguliwa alfajiri. Zote kijani."

"Sawa, Mzee. Lakini naomba kuziona."

Chaula alimtazama Subilaga, kama anayemuuliza huyu umemtoa wapi. Simu ikalia tena, akageuka kuijibu, na wanawake wawili wakaingia kwenye mistari.

Edina hakuwa na kifaa chochote. Alitembea kando ya ungo namba nne, akakunja kidole, akaanza kuugonga mkono wa kwanza kwa kifundo, kuanzia kwenye kibanda hadi kwenye pangaboi, shubiri baada ya shubiri, sikio amelisogeza karibu.

"Unafanya nini?" aliuliza Subilaga.

"Nilifanya kazi kwenye gereji ya kunyoosha bodi, Makambako. Mtu akileta gari analotaka kulinunua, tunaligonga. Bati zima lina sauti yake. Palipozibwa kwa puti sauti inakufa." Aliona haya kidogo. "Ungo sijawahi kuugonga. Sijui nitafute nini."

Subilaga alijua cha kutafuta. Aliwahi kufundishwa, mwaka wa pili, katika chumba kile cha upande wa madirisha. Mkono wa ungo si bati. Ni tabaka nyingi za nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na zikiachana ndani, kwa nje huoni kitu. Ukigonga palipo pazima panalia kama meza. Palipoachana panalia kama boksi. Walimu wenyewe walisema ni maarifa ya zamani, kwamba mashine imeshayachukua.

Waligonga pamoja, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Namba nne ilikuwa nzima, mikono yote sita.  Walipoimaliza, vifundo vya Subilaga vilikuwa vinauma kwa baridi, naye alikuwa ameanza kutamani ile nusu dakika ya Chaula.

Kwenye namba kumi na tisa, iliyosimama nyuma yake, mkono wa tatu, karibu na kiungo kinachoushika kibanda, sauti ilikufa.

Edina alirudia. Ikafa tena, urefu wa kiganja. Akarudi nyuma hatua moja.

"Labda ni mimi," alisema. "Labda hapa kuna kitu kimejazwa kiwandani. Wewe ni wa ndege, Dada. Ndivyo panavyolia?"

Subilaga alipagonga mwenyewe. Mlango wa kuondokea ulikuwa wazi mbele yake. Angesema ndiyo, pale kuna kiungo, ndivyo panavyolia, na msichana angemwamini, kwa kuwa alikuja akiwa tayari kumwamini. Wangerudi kwenye pipa. Jioni hiyo angeteremka mlimani akiwa hana dhamana hata moja. Tena asingekuwa na uhakika kwamba amedanganya; kiungo kweli kilikuwepo. Alikumbuka harufu ya betri iliyokuwa si kitu. Alimkumbuka mama ambaye uso wake hakuwahi kuuona.

"Subi!" Chaula alikuwa anakuja mbio ukunguni, tumbo likimtangulia. "Kuna mgonjwa Matamba, kidole tumbo kimepasuka. Kumi na tisa ndiyo iko zamu. Fomu haijakamilika, kwa hiyo kiganja bado ni chako. Weka iondoke."

Kioo cha ungo, kando ya mlango, kiliwaka kijani.

Subilaga alikitazama. Alikuwa amekiwekea kiganja mara nyingi mno hata kioo kilikuwa na alama ya mafuta ya mkono wake.

"Nakataa," alisema.

Chaula alisimama. "Unakataa kwa ushahidi gani?"

"Sauti."

"Sauti." Alilitamka neno hilo taratibu, kama anayetafuta maana yake. "Subi, hii ni ya tatu. Ukifunguliwa usikutwe na kitu, leseni inakwenda na dhamana inabaki. Unalijua hilo. Na kule kuna mtu amelala chini anakusubiri."

"Najua." Aliegemea ungo. "Atachukuliwa na namba nne. Hiyo tumeigonga yote."

"Namba nne haina chaji ya kwenda na kurudi."

"Itarudi kesho. Au ibadilishieni betri. Inachukua muda gani?"

"Dakika kumi na moja," alisema Edina kutoka nyuma yao. Wote wawili wakageuka. "Nimeisoma kwenye kitabu chenu. Lakini ukiwa na watu watatu."

Walikuwa watatu. Chaula aliangalia simu yake, akaangalia ukungu, kisha akalivua koti lake na kulitundika juu ya pangaboi la namba kumi na tisa. Waliisukuma betri kwa kitoroli, wakainua kwa hesabu ya moja mbili tatu, na mkuu wa kituo alihema kama mtu anayepanda mlima.  Kioo cha namba nne kilipowaka, Subilaga aliweka kiganja, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alikuwa ameuangalia ungo, si kioo. Ukapaa, ukamezwa na ukungu.

Saa nne kasorobo ilikuja simu fupi kutoka hospitalini. Mgonjwa ameingia chumba cha upasuaji. Walichojua ni hicho tu.

* * *

Walikata ngozi ya mkono wa tatu saa sita mchana, kwa msumeno mdogo, Chaula akiwa amesimama juu yao kama mtu aliye msibani. Meno ya msumeno yalipopita ndani, yalitoka maji. Yalikuwa ya kahawia, yakatiririka chini kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Edina aliingiza bisibisi na kubandua. Tabaka ziliachana moja moja, kama kurasa za daftari lililonyeshewa.

Subilaga aliinama akachungulia, kisha akaketi kwenye kreti.

"Mkaguzi hakuona," alisema Chaula. Hakuwa anabisha.

"Mkaguzi alifundishwa na nyungo za pwani," alisema Subilaga. "Kule maji yakiingia yanakauka. Huku yanaingia kwenye kiungo, usiku yanaganda, yanatanuka, yanaachanisha tabaka. Asubuhi yanayeyuka na mkono unaonekana mzima. Usiku mwingine tena. Hakuna aliyewahi kumwonyesha jalidi."

"Ungekatika lini?"

"Sijui. Labda leo. Nimeudhamini mara mia nne, Mzee. Nilikuwa napita hapa kila siku." Alijifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

Chaula akamgeukia Edina, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, ilikuwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu wake. "Umeshaona mwenyewe. Sitakulazimisha. Fomu iko pale juu ya pipa."

"Nitaupokea namba nne," alisema Edina.

"Fomu ni moja. Zote au hakuna."

"Basi andika nyingine," alisema Subilaga. "Namba nne peke yake."

"Subi, ukifanya hivyo unabaki na thelathini. Nilidhani unataka kuondoka."

"Nataka." Alisema hivyo kwa unyofu kabisa. "Lakini siwezi kumpa mtu kitu ambacho sijakiangalia. Atapokea kila tunayoigonga pamoja na kuikuta nzima, akitaka. Na ambazo hatujazigonga, leo hazipai."

Chaula alizitazama nyungo mistarini. Ukungu ulikuwa umeinuka na sasa zilionekana zote, na nyuma ya uzio abiria wa mchana walikuwa wameanza kukusanyika na magunia yao, wakiuliza kulikoni.

"Wale nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli."

"Watatembea kwa miguu, Subi. Wengine wana siku mbili za njia. Na Makao Makuu watanipigia kabla sijafika pale uzioni."

"Najua watatembea. Mwenye mgonjwa abaki, tutaanza na ungo wake."

Chaula aliandika fomu mpya kwenye kioo, pole pole, akiibonyeza kila herufi kwa kidole kimoja. Edina aliweka kiganja. Kwenye orodha ya Subilaga mstari mmoja ulififia, ukatoweka, na thelathini ikabaki. Alitegemea kuhisi kitu. Alihisi njaa tu, na maumivu ya vifundo.

Chaula alikwenda uzioni kuzungumza na watu. Walimsikia akianza, sauti ikikatika, akianza upya. Mtu mmoja alimjibu kwa hasira. Mwanamke mmoja alitua gunia lake, akaketi juu yake. Simu zote mbili zililia mfukoni mwa koti lililokuwa bado limetundikwa kwenye pangaboi, na hakuna aliyekwenda kuzipokea.

Kati ya wale wa uzioni, wawili walikuwa na wagonjwa. Wangeruka na namba saba na namba kumi na mbili.

Waliianza namba saba. Subilaga aligonga mkono wa kwanza hadi mwisho, akarudia karibu na kiungo, akaweka sikio kwenye kaboni baridi ili awe na uhakika. Ulilia kama meza.

"Umechoka, Dada," alisema Edina. "Kaa kidogo, nitaendelea."

"Nimechoka," alisema Subilaga, akausogelea mkono wa pili.